Kikohozi cha mjomba, na historia isiyokuwepo kwenye madesa

Najua nilipotea. Semista imeanza kwa kasi, boom limeingia na limeshatoka, na seminari mbili nimeshaahirisha. Lakini kuna kitu nilirudi nacho kutoka nyumbani Muleba na hakiniachi nisome kwa raha, bora nikiweke hapa. Ni kirefu kidogo, kwa hiyo chukua chai.

Baada ya mafunzo ya ualimu kwa vitendo nilikwenda kumsalimia bibi, upande wa Kamachumu. Pale anaishi na mjomba wangu, kitinda mimba wake. Mjomba anaishi na VVU, na hilo pale nyumbani si siri. Anatumia dawa tangu 2009, amelima kahawa kwa dawa hizo, amejenga, amesomesha. Mimi na yeye tulilala chumba kimoja kwa wiki tatu, na kwa wiki hizo zote tatu mjomba alikuwa anakohoa. Anakohoa usiku, anaamka fulana imelowa jasho, asubuhi anasema ni vumbi la kahawa.

Mimi nshomile wenu nikaona ni wajibu wangu kumshauri. Nikamwambia, "Mjomba, twende wakapime makohozi." Akacheka. "Mwalimu," (ananiita mwalimu tangu nichaguliwe ualimu, nusu sifa nusu kejeli) "kaka yangu alipima makohozi. Akapewa dozi. Akaimaliza yote, wakamwandikia kwenye kadi kwamba amepona. Na bado tulimzika."

Nikakosa jibu. Bibi alikuwa anamenya ndizi, hakuinua kichwa. Akasema tu, "Mwache, waitu."

Kaka yake huyo ni mjomba mkubwa, alifariki 1995, mimi sijazaliwa. Nilikuwa najua kwamba yupo kaburini pale kibanjani chini ya migomba. Sikuwahi kujua kwamba alimaliza dozi. Usiku ule sikulala, sio kwa kikohozi tu. Nasoma historia mwaka wa tatu, naweza kukuelezea mkutano wa Berlin nikiwa nimefumba macho, halafu swali la mjomba wangu linanishinda. Mtu anaponaje ugonjwa halafu anakufa? Niliporudi kampasi nikaenda maktaba, na hiki ndicho nilichokipata.

Tuanze na mdudu mwenyewe. Tarehe 24 Machi 1882, mjini Berlin, daktari Robert Koch alitangaza kwamba amekiona kimelea kinachosababisha kifua kikuu. Ndiyo maana siku ya TB duniani ni tarehe hiyo. Hapa watu wa Kagera mnaweza kuvimba kichwa kidogo, maana Koch huyohuyo anaingia kwenye historia yetu. Mwaka 1897 na 1898 alikuwa huku Afrika Mashariki ya Wajerumani, na kati ya aliyoyachunguza ni tauni iliyokuwa inaua watu Kiziba, kule kaskazini mwa Bukoba. Kwa hiyo mtu aliyemgundua mdudu wa TB aliijua Kagera kwa ugonjwa mwingine kabisa. Mkoa wetu uko mpakani na kandokando ya ziwa, watu wanapita, na maradhi yanapita nao. Hata virusi vya Marburg vilipotangazwa Tanzania kwa mara ya kwanza, Machi 2023, ilikuwa Bukoba.

Kimelea cha TB kina tabia ya ajabu. Mtu mwenye TB ya mapafu akikohoa, vimelea vinaelea hewani na wewe unavivuta. Hakiambukizi kwa kikombe wala sahani, wala kwa kukaa kwenye kiti alichokalia mgonjwa. Ukishavivuta, mara nyingi huugui. Kinga ya mwili inavizungushia uzio, vinalala humo, na unaweza kufa na miaka 90 vikiwa bado vimelala. Inakadiriwa robo ya watu wote duniani wana vimelea hivyo vilivyolala. Kwa mtu mwenye kinga nzuri, uwezekano kwamba vitaamka katika maisha yake yote ni kama asilimia 5 hadi 10.

Sasa shika hiyo namba, kwa sababu historia ya Kagera imejengwa juu yake. Wale walinzi wanaoshikilia uzio ni pamoja na chembe za CD4, na chembe hizo ndizo hasa VVU vinazishambulia. Walinzi wakipungua, uzio unabomoka. Mtu mwenye VVU ambaye hatumii dawa, uwezekano wa TB kuamka unaweza kufika asilimia 5 hadi 10 kwa mwaka mmoja. Wengine wanahesabu maisha yote, yeye anahesabu kila mwaka. Kwa hiyo VVU vilipoingia mahali ambapo TB ilikuwepo tangu zamani, havikuleta ugonjwa mmoja, viliamsha na mwingine uliokuwa usingizini.

Na vilipoingia, viliingia kwetu mapema. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivuka mpaka na kukalia eneo la kaskazini mwa mto Kagera, daraja la Kyaka likalipuliwa, watu wakakimbia. Vita ikaisha 1979 lakini uchumi ulibaki hoi kila upande. Kilichostawi ni magendo. Bidhaa madukani hakuna, na mpaka uko pale, basi vijana wenye akili ya biashara walivuka na kahawa na kurudi na nguo, sabuni na kila kitu. Moja ya nguo zilizokuwa na fasheni iliitwa Juliana. Muda si mrefu baadhi ya waliokuwa kwenye biashara hiyo wakaanza kukonda, kuharisha, kukohoa na kufa. Watu wakauita ugonjwa wenyewe Juliana, kwa jina la nguo. Ng'ambo ya mpaka, Rakai huko, Waganda walikuwa wanauita slim, nasi tukasema silimu.

Watafiti wamebishana sana kama vita ndivyo vilivyousambaza ugonjwa, au biashara, au barabara, na ubishi huo mimi siumalizi hapa. Kinachojulikana ni kwamba wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kuripotiwa Tanzania, watu watatu, waliripotiwa mwaka 1983 katika mkoa wa Kagera, na hospitali inayotajwa ni Ndolage. Wasioijua, Ndolage ni hospitali ya Walutheri hapohapo Muleba, mwendo mfupi kutoka kwa bibi. Mimi nilipelekwa pale nikiwa mtoto mara kibao, na hakuna aliyewahi kuniambia kwamba jengo lile lina historia ya taifa.

Miaka minne baadaye, 1987, watafiti wa Muhimbili wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Umeå cha Sweden walifanya utafiti wa watu wazima mkoani. Niliposoma matokeo ilibidi nirudie mara mbili. Mjini Bukoba, watu wazima asilimia 24.2 walikuwa na VVU. Yaani ukikaa kwenye meza ya watu wanne, mmoja. Eneo la vijijini ambamo Muleba ilikuwamo, asilimia 10.0. Karagwe asilimia 4.5. Ngara na Biharamulo chini ya asilimia moja. Mkoa ni mmoja, lakini ukisogea mbali na Bukoba namba inashuka kama ngazi.

Na mtaani je? Mtaani watu walitania, kama kawaida yetu tukiogopa. Herufi za AIDS zikafasiriwa "Acha Iniue Dogedoge Siachi". Wahaya tukapewa majina nchi nzima, ukisema unatoka Bukoba watu wanasogea pembeni. Wapo waliofanya kazi badala ya kutania. Mwaka 1989 Theresa Kaijage alianzisha WAMATA, moja ya vyama vya kwanza nchini vya kuwahudumia walioathirika na familia zao. Lakini utani na unyanyapaa ndivyo vilivyofika vijijini kwa haraka zaidi.

Sasa geukeni upande wa pili wa hadithi, upande wa TB, maana hapa ndipo jibu la mjomba lilipokuwa limejificha.

Tanzania ilikuwa nchi ya mfano kwa TB. Sitanii. Mwaka 1977 Mpango wa Taifa wa Kifua Kikuu na Ukoma ulianzishwa kwa msaada wa Umoja wa Kimataifa wa Kupambana na Kifua Kikuu, na mtaalamu aliyekuwa nyuma yake ni Karel Styblo, daktari kutoka Chekoslovakia aliyewahi kufungwa na Wanazi na kuugua TB yeye mwenyewe. Wazo lake lilikuwa jepesi: mpime mtu makohozi kwa hadubini wilayani kwake, mpe dawa, hakikisha anazimeza mbele ya mtu, mwandike kwenye rejesta mpaka mwisho. Mgonjwa alilazwa miezi miwili ya mwanzo, halafu akaendelea na vidonge nyumbani, jumla miezi minane. Watu walipona hasa. Shirika la Afya Duniani lilipotangaza TB kuwa dharura ya dunia mwaka 1993, mbinu lililoipeleka nchi nyingine ilitokana kwa sehemu kubwa na kazi iliyofanyika kwenye wilaya zetu hapa.

Halafu mpango huu mzuri ukakutana na UKIMWI. Mwaka 1983 Tanzania iliandikisha wagonjwa wa TB kama 12,000. Katikati ya miaka ya 2000 walikuwa zaidi ya 60,000 kwa mwaka. Idadi ya watu iliongezeka, ndiyo, lakini haikuongezeka mara tano! Vipimo vilivyofanywa kwa wagonjwa wa TB nchini mwanzoni mwa miaka ya 1990 vilionyesha kwamba zaidi ya robo yao wana VVU, na mwisho wa muongo huo walikuwa zaidi ya wanne katika kila kumi.

Na dawa nayo ikageuka. Mojawapo ya vidonge vya ile miezi ya nyumbani ilikuwa thiasetazoni, ya bei rahisi, iliyotumika Afrika Mashariki kwa miaka mingi. Kwa mtu mwenye VVU kidonge hiki kiliweza kumbabua ngozi mwili mzima kama mtu aliyeungua moto, na baadhi walikufa. Utafiti uliofanyika Nairobi na kuchapishwa 1991 uliweka jambo hilo wazi, na taratibu dawa ile ikaachwa, ethambutoli ikachukua nafasi yake. Lakini hebu fikiria kijiji kinachomwona mtu ametoka hospitali na vidonge vya kifua, na wiki mbili baadaye ngozi inavuka. Utawaambia nini kuhusu dawa za TB?

Na tatizo la tatu, hadubini. TB kwa mtu ambaye kinga yake imeshuka sana mara nyingi haionekani kwenye makohozi, kwa sababu kile anachokohoa kina vimelea vichache, au ugonjwa umehamia kwenye tezi, tumbo, uti wa mgongo, ubongo. Hadubini inasema huna, na mwili unasema unacho. Uchunguzi wa maiti uliofanywa Abidjan, Ivory Coast, ukachapishwa 1993, ulionyesha kwamba karibu theluthi ya waliokufa wakiwa na VVU waliuawa na TB. Wengi wa waliosemwa "kafa kwa UKIMWI" walikuwa na ugonjwa unaotibika.

Sasa turudi kwa mjomba mkubwa. Alipatikana na TB 1994, akalazwa, akameza dozi miezi minane, akapona. Kadi haikudanganya, TB yake iliisha kweli. Ila kilichoamsha TB hiyo kilikuwa bado kimo mwilini, na mwaka 1995 hapakuwa na dawa yoyote ya VVU ambayo mkulima wa Muleba angeipata. Dawa mchanganyiko zilizogeuza mambo zilianza kutumika Ulaya na Marekani 1996. Kwetu Rais Mkapa alitangaza UKIMWI kuwa janga la taifa mwishoni mwa 1999, TACAIDS ikaundwa 2001, na dawa za bure zikaanza kutolewa mwaka 2004. Mjomba mkubwa alikuwa ameshalala chini ya migomba kwa miaka tisa.

Kwa hiyo bibi na mjomba hawakuwa wajinga. Hili ndilo lililonichoma zaidi. Sisi wasomi tunapenda kuandika "uelewa mdogo wa jamii". Jamani, uelewa upi mdogo? Walitazama kwa macho yao kwa miaka ishirini. Aliyekohoa alilazwa, aliyelazwa alitoka, na aliyetoka alizikwa. Wakajifunza kwamba kupima kifua ni hatua ya kwanza ya msiba. Kwa ushahidi waliokuwa nao, walikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba ushahidi ulibadilika na hakuna aliyerudi kuwasimulia.

Umebadilikaje? Kwanza VVU vyenyewe vilipungua Kagera hata kabla ya dawa. Bukoba mjini ile asilimia 24.2 ya 1987 ilishuka mpaka 18.3 mwaka 1993 na 13.3 mwaka 1996. Muleba kutoka 10.0 mpaka 6.8 mwaka 1996 na 4.3 mwaka 1999. Sehemu yake ni vifo, tusijidanganye, lakini watafiti waliona pia maambukizi mapya yakipungua, na watu wakibadilisha mwenendo. Utafiti wa kitaifa wa 2016 na 2017 uliupa mkoa mzima asilimia 6.5. Namba hiyo usiifananishe moja kwa moja na zile za zamani, kwa sababu maeneo yaliyopimwa ni tofauti, na pia siku hizi watu wenye VVU wanaishi, hawafi, kwa hiyo wanahesabika. Mjomba yumo humo.

Pili, ARV zinapunguza hatari ya TB kwa takriban theluthi mbili. Tatu, kuna dawa ya kinga, isoniazidi, ambayo Tanzania ilianza kuitoa kwa watu wenye VVU mwaka 2011. Nne, tangu Oktoba 2016 mtu akikutwa na VVU anaanzishiwa dawa bila kusubiri CD4 zishuke. Tano, mashine ya GeneXpert, ambayo Shirika la Afya Duniani liliipitisha Desemba 2010, inatafuta vinasaba vya kimelea badala ya kutegemea jicho, inatoa jibu kwa saa mbili hivi na inaonyesha pia kama kimelea ni sugu kwa rifampisini. Na dozi ya TB ya kawaida ni miezi sita sasa, sio minane. Makadirio ya wagonjwa wapya nchini yalishuka kutoka 306 kwa kila watu 100,000 mwaka 2015 mpaka 183 mwaka 2023.

Sasa utauliza, kama yote hayo yapo, na mjomba anameza ARV tangu 2009, anakohoa nini?

Hilo nami nilijiuliza, nikasoma mambo yanayoongeza hatari ya TB kwa watu wanaoishi na VVU. Wadau, nilikuwa kama nasoma wasifu wa mjomba. Namba moja ni kinga kushuka, iwe kwa kuchelewa kuanza dawa au kwa kuzikatiza. Mjomba akienda kununua dagaa Goziba au Kerebe, visiwa vya Muleba huko ziwani, hukaa mwaloni wiki tatu, vidonge vinaisha na yeye bado yupo kisiwani. Namba mbili ni msongamano na hewa kutotembea. Kambi ya uvuvi ni vibanda vya mabati au nyasi, watu wamelala kama dagaa wenyewe. Namba tatu ni lishe na uzito mdogo, na mjomba mkanda wake umeongezwa tundu mbili kwa msumari. Namba nne ni pombe na sigara, na rubisi kwetu haikosekani. Namba tano ni kuwa mwanaume! Sio mwili tu, ni sisi wanaume tunaochelewa kwenda kliniki, tunangoja mpaka tubebwe. Namba sita ni kuwahi kuishi na mgonjwa wa TB, naye ndiye aliyekuwa akimpelekea uji kaka yake. Inawezekana vimelea vyake vililala tangu 1994, inawezekana alivivuta mwaloni mwaka jana, hakuna wa kujua. Kuna pia kisukari, kuna waliowahi kuugua TB zamani, waliofungwa gerezani, wachimbaji wa madini, na miezi ya mwanzo kabisa ya kuanza ARV, ambapo TB iliyojificha hujitokeza kinga inapoanza kuamka.

Na ile dawa ya kinga? Alipewa. Aliitumia miezi miwili, miguu ikaingia ganzi, akaacha kimyakimya bila kumwambia mtu. Ganzi hiyo inajulikana, na vitamini B6 ndiyo huitibu. Lakini yeye akaunganisha mwenyewe: vidonge vya kifua, mwili unaharibika, tunakokwenda tunapajua. Historia ileile.

Ndiyo maana mimi kwenye orodha ile ningeongeza namba saba, hata kama haipimwi maabara: kumbukumbu. Mtu anayebeba misiba ya 1995 anachelewa kupima leo, na kuchelewa ndiko kunakoua na kuambukiza wa nyumbani.

Nilipopata picha hii nilikuwa nimesharudi kampasi, nikampigia simu. Sikumpa somo. Nilimwambia kitu kimoja tu: "Mjomba, kaka yako alipona kweli. TB haikumuua. Alikosa hizi dawa ambazo wewe unazo kabatini." Kimya kirefu. Nikadhani mtandao umekata. Halafu nikasikia sauti ya bibi kwa nyuma, kumbe simu ilikuwa kwenye spika. Akamtaja mwanawe marehemu kwa jina. Mama yangu anasema hakuwahi kumsikia bibi akilitaja jina lile tangu siku ya maziko. Bibi akasema, "Basi wewe nenda, maana yeye alikwenda mwenyewe na hakuogopa."

Kesho yake asubuhi wakaenda wote wawili, bibi na fimbo yake. Kwanza alipimwa kwa hadubini, hamna kitu. Mjomba akataka kuondoka na ushindi. Muuguzi akamkalisha, kwa sababu kwa mtu mwenye VVU hata kikohozi cha siku moja kinaulizwa, sembuse cha mwezi, na dalili nyingine tatu zote alikuwa nazo: homa, jasho la usiku, kupungua uzito. Sampuli ikapelekwa kwenye GeneXpert. Ipo, na si sugu. Alianza dawa wiki hiyohiyo.

Nyumba nzima ikachunguzwa. Mjukuu mdogo wa miaka mitatu akaanzishiwa dawa ya kinga, bibi yuko salama. Na mimi? Mimi mshauri mkuu, nilikuwa nimelala wiki tatu na mgonjwa wa TB dirisha limefungwa kwa sababu ya baridi ya Kamachumu, na nilikuwa naongea habari za makohozi! Nilikwenda kupima huku nikitetemeka. Sina dalili, picha ya kifua ni safi. Siku ile nilielewa kidogo kwa nini mjomba hakutaka kwenda. Kukaa kwenye benchi lile ukingoja kuitwa ni shughuli.

Sijui namaliziaje, maana hii si seminari. Wenzangu wa ualimu, mwakani wengi wetu tutakuwa tumesimama mbele ya darasa. Kwenye mada ya Vita vya Kagera tutafundisha tarehe, majenerali na daraja la Kyaka. Wakati ukiruhusu, waambie wanafunzi na yaliyofuata baada ya vita, na mwambie yule aliyefiwa na babu yake kwamba babu hakurogwa, na kwamba siku hizi mtu akipata ugonjwa uleule anapona na anabaki hai. Na wewe ambaye unakohoa hapo bwenini wiki ya tatu unasema ni vumbi la chaki, nenda. Awe na VVU au asiwe navyo, kikohozi cha wiki mbili hakiachwi. Fungueni na madirisha, jamani.

Jana usiku mjomba kaniandikia meseji: "Mwalimu mwezi wa 4. Kilo 3 zimeongezeka. Mkanda nimeurudisha tundu moja. Bibi anasema senene ni wengi mwaka huu njoo ule."

Nauli sina. Lakini senene amenikaushia.

Haya, narudi kwenye madesa, tusije tukadisco bure. Tuonane wiki ijayo.